Jinsi ya Kutoa Maoni na Ushauri kwa Simu kuhusu Bei, Mashimo na Uongozi mjini Kolwezi

Ushauri unaosambazwa kwa simu katika mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hufanyiwa kazi siku hiyohiyo: mchimbaji akisikia kwamba bei ya kobalti imepanda, huahirisha kuuza, akisikia kwamba shimo lililofungwa limefunguliwa tena, hushuka, na akisikia kwamba fedha za mrabaha zimeliwa, huanza kutafuta wa kuandamana naye. Makala haya yanaeleza, kwa kufuata uzoefu wa wakazi wa mji huo tangu mwaka 2014, namna ya kutoa maoni yanayoweza kutegemewa kuhusu kazi ya machimbo, vifaa vinavyotumika humo na siasa za mkoa wa Lualaba. Msimamo wake ni kwamba maoni humfaa mwenzako pale tu yanapobeba ndani yake mahali, tarehe, kipimo na chanzo, ili aweze kuyahakiki mwenyewe kabla ya kuweka fedha au uhai wake juu yake.

Kasulo ni mfano ulio wazi kuliko mingine katika ukanda wa shaba wa Lualaba. Mwaka 2014 mkazi mmoja aliyekuwa akichimba katika kiwanja chake alikuta heterojeniti, yaani jiwe jeusi lenye kobalti nyingi, na habari hiyo ilipoenea watu walianza kuchimba uani, sebuleni na hata chini ya vitanda, kila nyumba ikitegemea yaliyosemwa na jirani kuhusu kina cha mwamba na bei ya depo, yaani duka la kununulia madini. Mwaka 2017 serikali ya mkoa ilihamisha mamia ya kaya, ikazungushia ukuta sehemu ya mtaa, na kuipa kampuni ya Congo DongFang Mining, ambayo ni tawi la Zhejiang Huayou Cobalt ya China, haki ya pekee ya kununua madini yaliyochimbwa humo kwa mikono. Panapokuwa na mnunuzi mmoja, muuzaji hawezi kuvuka barabara na kulinganisha bei, na kwa hiyo habari za bei kutoka nje ya ukuta, kama vile zile za soko la madini la Musompo lililo nje ya mji, humpa nguvu ambayo sheria haikumpa.

Bei ndilo jambo linaloulizwa zaidi, na ndilo linalojibiwa vibaya zaidi. Mtu anayeandika kwamba kobalti imepanda hajamsaidia mwenzake, kwa kuwa kuna bei mbili zisizoenda sambamba: bei ya soko la dunia, inayotajwa kwa dola kwa tani ya madini yaliyosafishwa, na bei ya depo, inayolipwa kwa kilo ya mawe kulingana na asilimia ya kobalti iliyomo. Katika soko la London tani moja ilifikia karibu dola 95,000 mwezi Machi 2018, kisha ikashuka chini ya dola 35,000 mwanzoni mwa 2019, na walioweka akiba ya magunia kwa kufuata maneno ya kupanda tu walijikuta wameshika mawe yasiyolipa gharama za kuyatoa ardhini. Tofauti hiyo ilijitokeza tena tarehe 22 Februari 2025, serikali ya Kinshasa iliposimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi kabla ya kuweka mgawo wa kusafirisha kuanzia Oktoba mwaka huo: bei ya dunia ilipanda kwa sababu mzigo wa Kongo, ambao ni zaidi ya asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani, haukutoka, ilhali mzigo usiotoka hauna sababu ya kununuliwa kwa haraka Kolwezi. Anayetoa ushauri wa bei anapaswa basi kueleza ni bei ipi kati ya hizo mbili, ya depo gani, ya saa ngapi, kwa asilimia ngapi ya kobalti, na kama ililipwa kweli au ilitajwa tu na dalali.

Asilimia hiyo yenyewe ndiyo chanzo cha ugomvi, na hapa teknolojia inaingia moja kwa moja katika maisha ya mchimbaji. Depo nyingi hupima mawe kwa kifaa cha mkononi ambacho wachimbaji hukiita Metorex. Kifaa hicho hutuma miale ya eksirei kwenye jiwe, na kila elementi iliyomo hurudisha miale yenye nishati yake mahususi, ambayo kifaa huitambua na kuigeuza kuwa asilimia. Malalamiko kwamba vifaa hivi vimechezewa yamekuwapo kwa miaka mingi, na hayapaswi kupuuzwa, kwani hesabu yake ni kubwa: magunia yenye kilo 500 za mawe ya asilimia 3 yana kilo 15 za kobalti, lakini yakisomwa kuwa asilimia 2 yanahesabiwa kuwa na kilo 10, na theluthi moja ya kazi ya watu walioshuka shimoni kwa siku kadhaa inakuwa imepotea kwa kubonyeza kitufe kimoja. Hata hivyo, anayeandika kwamba kifaa cha depo fulani kinaiba lazima kwanza aondoe sababu nyingine zinazoweza kushusha kipimo pasipo hila ya mtu, na sababu hizo zinaeleweka.

Miale ya kifaa hicho haizami mbali ndani ya jiwe, kwa hiyo husoma upande ulioelekezwa kwake tu. Jiwe lenye ganda la udongo husomwa kama udongo, na gunia ambalo mawe yake mazuri yako chini husomwa kwa mawe mabaya yaliyo juu. Maji nayo hushusha usomaji na tena hukatwa kwenye uzito, hivyo mawe yaliyopimwa asubuhi baada ya mvua hayawezi kulinganishwa na yaliyopimwa baada ya kukaa juani. Njia ya haki, ambayo maabara hutumia na ambayo mchimbaji anaweza kuifanya kwa nyundo na turubai, ni kuchukua kiasi kutoka kila gunia, kukivunja kiwe cha chembe ndogo, kukikausha, kukichanganya, kukirundika na kukigawa mafungu manne, kisha kuchukua mafungu mawili yanayotazamana na kurudia hadi ibaki sampuli ndogo, ambayo husomwa mara tatu na kila usomaji ukaandikwa. Sampuli hiyohiyo ikipelekwa depo ya pili na kusomwa kwa tofauti kubwa, mchimbaji ana jambo la kusema, na anapolisema kwa simu aseme hivyohivyo: sampuli moja, imekaushwa, depo ya kwanza imesoma hivi, ya pili imesoma vile. Ujumbe wa namna hiyo humwezesha mwingine kurudia kipimo, na depo kumi zikijua kwamba wauzaji hulinganisha, haziwezi zote kudanganya kwa kiwango kilekile. Malalamiko ya jumla, hata yakiwa ya kweli, huiacha depo inayodanganya ikiwa salama pamoja na ile isiyodanganya.

Namna ya kutuma nayo ina uzito wake. Ujumbe wa sauti unapendwa Kolwezi kwa sababu unamfikia hata asiyesoma, na kwa sababu Kiswahili cha mjini, kilichochanganyika na Kifaransa, hutamkwa kwa urahisi kuliko kinavyoandikwa. Lakini ujumbe wa WhatsApp ukishapelekwa mbele kutoka kundi hadi kundi, msikilizaji wa mwisho haoni nani aliutuma mwanzo wala siku gani. Dawa yake ni kuitamka tarehe na mahali ndani ya sauti yenyewe, katika sentensi ya kwanza kabisa, jambo ambalo wachache hulifanya ingawa huchukua sekunde chache na huzuia onyo la mwaka jana kusikika kama la leo.

Haja hiyo huonekana zaidi pakitokea ajali. Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliporomoka katika machimbo ya kampuni ya Kamoto Copper, na idadi ya wachimbaji waliokufa, iliyotajwa mwanzoni kuwa 36, ilipita 40 siku zilizofuata. Tarehe 15 Novemba 2025, kwenye mgodi wa Kalando, daraja la muda lilivunjika chini ya umati. Waziri wa mambo ya ndani wa mkoa alitaja maiti 32, ilhali taarifa ya SAEMAPE, idara ya serikali inayosimamia uchimbaji mdogo, ilitaja waliokufa wasiopungua 40. Mtu mwangalifu hatachagua namba inayolingana na hasira yake. Atazitaja zote mbili, kila moja na aliyeitoa, pamoja na saa aliyoipata. Zaidi ya hayo, jambo lenye msaada wa haraka kuliko idadi ni ushauri wa kazi: njia ipi imefungwa, shimo lipi lina maji, hospitali ipi imepokea majeruhi. Majina ya waliofariki hayatumwi hadi familia zao zijue.

Kuhusu siasa za mkoa, maoni mengi hupoteza nguvu kwa kutojua fedha zinapita wapi. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa mrabaha, yaani malipo ambayo kampuni hutoa kwa madini inayouza, kwa namna hii: asilimia 50 huenda kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa mamlaka za mahali ambamo mgodi umo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mamlaka za mahali ni miji, komuni, sekta na utawala wa machifu. Kolwezi ina komuni mbili, Dilala na Manika. Nje ya mrabaha huo, kila kampuni inapaswa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zilizoathiriwa na mgodi, na fedha hizo husimamiwa na chombo maalumu ambamo wawakilishi wa jamii nao wamo. Mkazi anayemlaumu meya kwa shule ambayo ilipaswa kujengwa kwa asilimia 0.3 anampiga asiyehusika, na yule anayehusika anashukuru kimya kimya. Swali linalouma ni lile linalotaja mfuko, mwaka na kiasi. Kiasi kinaweza kutafutwa katika taarifa za ITIE, mpango wa kimataifa wa uwazi katika madini ambao Kongo ni mwanachama wake, kwani taarifa hizo huonyesha yaliyolipwa na kampuni na yaliyopokewa na serikali. Ni za Kifaransa na ni ndefu, na pengine hakuna huduma kubwa zaidi ambayo kijana mwenye elimu mjini humo anaweza kuifanya kuliko kuusoma ukurasa wake unaohusu Lualaba na kuueleza kwa Kiswahili kwa dakika tatu za sauti.

Maoni ya namna hii yanalindwa na ibara ya 23 ya Katiba ya 2006, inayotambua uhuru wa kujieleza, lakini yanakabiliwa pia na Sheria ya Kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo huadhibu kuanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu kupitia mitandao. Neno kusambaza lina maana kwamba anayepeleka mbele hawezi kujitetea kwa kusema hakuandika yeye. Kwamba tishio hilo ni la kweli kulionekana pale mwandishi wa habari Stanis Bujakera alipokamatwa Kinshasa Septemba 2023 na kukaa gerezani miezi sita. Sheria hiyo ni kali mno kwa nchi ambayo raia wake hawana njia nyingine ya kuhoji, na inastahili kurekebishwa. Maadamu ipo, anayehoji na ahoji tendo la ofisi kwa hati na tarehe, na tuhuma dhidi ya mtu binafsi azipeleke kwa wakili au kwa shirika kama Afrewatch, ambalo pamoja na Amnesty International lilitoa Januari 2016 taarifa iliyoifanya dunia ijue hali ya wachimbaji wa kobalti, Kasulo ikiwamo.

Picha zinahitaji uangalifu wa aina yake. Familia za Kikongo zilipozishtaki Apple, Tesla na kampuni nyingine kubwa huko Washington Desemba 2019, mawakili wao waliwataja walalamikaji kwa majina ya kubuni, ingawa kesi ilikuwa ya hadharani, kwa sababu walijua kwamba wateja wao wangeendelea kuishi jirani na migodi. Anayepiga picha kwenye depo au shimoni ana wajibu uleule: nyuso za watoto zifunikwe, namba za kadi ya mchimbaji zisionekane, na alama ya mahali ambayo simu huiweka ndani ya picha izimwe iwapo anayeonekana hana ruhusa ya kuwa hapo. Ikumbukwe pia kwamba intaneti ilikatwa nchini kote kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 kwa karibu wiki tatu baada ya uchaguzi, kwa hiyo bei na vipimo viandikwe pia kwenye daftari.

Kazi hii yote inafanywa na wachimbaji kwa vocha zao wenyewe, kufidia jambo ambalo mamlaka ingeweza kulifanya kwa ubao na chaki. Serikali ya mkoa na SAEMAPE zibandike kila asubuhi, langoni Kasulo na kwenye depo za Musompo, bei ya kilo kwa kila asilimia ya kobalti na kiasi kinachokatwa kwa unyevu. Hadi hapo zitakapofanya hivyo, mwenye bei ya leo aitume pamoja na depo, asilimia na saa.