Asali au Chokoleti? Kuchagua Nafaka ya Boksi kwa Kifungua Kinywa

Mtoto mmoja ameshika boksi lenye picha ya nyuki, mwenzake ameng'ang'ania lenye chokoleti. Mzazi hufikiri: asali ni kitu cha asili, basi tuchukue hili la nyuki. Kabla hujalipa, geuza boksi usome upande wa nyuma.

Kilichomo ndani

Nafaka hizi za ladha mbili hutengenezwa kwa njia zinazofanana. Mahindi, ngano au mchele hupikwa, hufinyangwa, hutiwa sukari, kisha hukaushwa. Moja huongezewa unga wa kakao, nyingine asali.

Orodha ya viungo huanza na kilicho kingi kwa uzito. Katika nafaka tamu, sukari mara nyingi huwa ya pili, na asali au kakao hufuata mbali. Picha ya nyuki inaweza kuwa kubwa kuliko asali yenyewe. Isitoshe, asali nayo ni sukari: mwilini inahesabiwa pamoja na ile ya kwenye kopo lako.

Glukosi, fruktosi, dekstrosi, molasi na shira ni sukari pia. Ukiyaona majina matatu kati ya hayo kwenye boksi moja, ujue sukari imegawanywa kwa majina tofauti.

Linganisha kwa gramu 100

Lebo nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Tafuta jedwali la virutubisho, kisha neno "sugars" chini ya "carbohydrate". Soma safu ya gramu 100, kwa sababu kipimo cha mlo hutofautiana kati ya boksi na boksi.

Kama lebo inataja mlo mmoja tu, piga hesabu: gawanya gramu za sukari kwa uzito wa mlo, kisha zidisha kwa 100. Gramu 9 za sukari katika mlo wa gramu 30 ni sawa na gramu 30 katika kila gramu 100.

Kipimo kinachotumika Uingereza kitakusaidia kuamua:

- Gramu 5 au pungufu: sukari ni kidogo.
- Zaidi ya 5 hadi 22.5: ni ya wastani.
- Zaidi ya 22.5: ni nyingi.

Angalia pia nyuzinyuzi. Gramu 6 au zaidi katika gramu 100 ni kiwango kizuri. Nyuzinyuzi hushibisha na kusaidia choo.

Bakuli ni muhimu kuliko ladha

Chukua mfano huu. Boksi la asali lina gramu 28 za sukari katika gramu 100. La chokoleti lina 32. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni kama gramu 4.

- Bakuli la gramu 30: asali gramu 8.4, chokoleti 9.6.
- Bakuli la gramu 60: asali gramu 16.8, chokoleti 19.2.

Ukibadili ladha kwenye bakuli dogo, umeokoa gramu 1.2, yaani robo kijiko na ushei. Ukipunguza bakuli kutoka gramu 60 hadi 30, umeokoa gramu 8 au zaidi, yaani vijiko viwili. Watoto wanagombea ladha, kumbe jambo kubwa liko kwenye mkono unaomimina.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima, hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25. Uingereza huwawekea watoto wa miaka 4 hadi 6 kikomo cha gramu 19 kwa siku. Kwa hiyo bakuli la gramu 60 la nafaka ya chokoleti katika mfano wetu linammalizia mtoto wa umri huo sukari ya siku nzima kabla hajatoka nyumbani.

Maswali ya wazazi

*Boksi linasema lina vitamini na madini ya chuma. Je, si afya?*
Virutubisho hivyo vina faida, lakini haviondoi sukari. Ili mwili ufyonze chuma vizuri, mpe mtoto chungwa au papai pamoja na mlo huo. Usimpe chai, kwani huzuia chuma kufyonzwa.

*Naweza kumpa mtoto mchanga nafaka ya asali?*
Hapana. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo. Inaweza kubeba vijidudu vinavyozalisha sumu ya kulegeza misuli na kumzuia mtoto kupumua.

*Na meno?*
Bakteria wa mdomoni hugeuza sukari kuwa asidi inayotoboa meno. Vitafunio vya kunata husalia kati ya meno. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi.

Kama boksi limeshanunuliwa

1. Pima gramu 30 mara moja kwa mizani ya jikoni, uone zinafika wapi kwenye bakuli lenu. Hicho ndicho kipimo.
2. Changanya nusu ya nafaka tamu na nusu ya isiyo na sukari.
3. Ongeza maziwa au mtindi usio na sukari, na ndizi iliyokatwa.
4. Usiongeze sukari wala asali juu yake.

Siku nyingine, boksi libaki kabatini. Uji wa ulezi wenye maziwa, viazi vitamu vya kuchemsha, yai, au kiporo cha maharage hushibisha hadi mchana. Sukari ya uji huo unaiweka wewe, kwa hiyo anza leo kupunguza kijiko kimoja.