Misa ya Kamina na Dharau ya Rangi: Somo kwa Walimu

Mwalimu atakaye kuwafundisha watoto ubaya wa kudharau mtu kwa sababu ya rangi au kabila huona taabu mapema. Watoto hukubali kila neno kwa midomo. Akiwauliza kama watu wote ni sawa mbele ya Mungu, wataitika pamoja, «Ndiyo, mwalimu». Na wakati wa mapumziko wataitana majina ya matusi yale yale waliyoyasikia nyumbani. Kwa hiyo yafaa kuitazama njia nyingine, ile ya nyimbo, ngoma na mchezo wa kuigiza. Kwa watu wa Kongo mfano ulio karibu ni ule wa Kamina, katika Katanga, mwaka wa 1958.

Kwanza watoto wajue jinsi watu walivyokaa siku zile. Katika miji mikubwa, kama Elisabethville (ndio Lubumbashi tangu 1966), Wazungu walikuwa na mtaa wao na Waafrika mtaa wao, na katikati paliachwa nafasi tupu ili watu wasichanganyike. Tangu 1948 serikali ilitoa kadi kwa Waafrika wachache waliohesabiwa kuwa wastaarabu. Na tangu 1952, mtu aliyetaka kuandikishwa katika daraja ya juu zaidi aliweza kukaguliwa hata nyumbani mwake. Na kanisani je? Katika misioni nyingi ngoma ilibaki nje ya mlango, kwa kuwa ilihesabiwa kuwa kitu cha kipagani. Mtu aliyeambiwa kwamba sauti ya babu zake haistahili kuingia nyumbani mwa Mungu alikuwa ameambiwa jambo kubwa juu ya babu zake, na juu yake mwenyewe pia.

Mwaka wa 1953 alifika Kongo padri mmoja Mbelgiji, Mfransisko, jina lake Guido Haazen. Mwaka uliofuata alianzisha kwaya huko Kamina: wavulana 45 hivi wa shule, pamoja na walimu 15. Tarehe 23 Machi 1958, katika misioni ya Kamina, kwaya hiyo iliimba kwa mara ya kwanza Misa iitwayo Missa Luba. Maneno yalikuwa ya Kilatini, kama desturi ya Kanisa ilivyokuwa wakati ule, lakini sauti na mapigo yalitoka kwa wenyeji. Kyrie iliimbwa kwa namna ya kasala, wimbo ambao Waluba huwalilia wafu wao. Hosanna ilifuata mwendo wa ngoma ya kuchezwa ya Kasai, na Agnus Dei ilitoka katika wimbo wa Bena Lulua. Nyimbo hizo hazikutungwa mezani kwa kalamu. Waimbaji walizitunga kwa kuimba, mmoja akianza na wengine wakimjibu, kama inavyofanyika matangani na kwenye sherehe. Aliyeongoza sauti katika santuri yao alikuwa Joachim Ngoi.

Hapa mwalimu asipite upesi. Jambo la maana halikuwa kwamba Wazungu waliupenda wimbo. Jambo la maana ni nani alikuwa mwenye kujua. Katika shule ya siku zile Mzungu alifundisha na Mwafrika alirudia maneno yake. Katika kazi hii padri hakuweza kuendelea hata hatua moja bila elimu ya waimbaji wake. Mambo yaligeuka, na watoto wa Kamina waliona kwa macho yao yakigeuka. (Wala asidhaniwe kwamba Mwafrika alihitaji Mzungu wa kumfungulia mlango: katika Katanga hiyo hiyo Abbé Joseph Kiwele, padri mweusi na mtungaji hodari, alitunga Misa yake ya Katanga.)

Mwaka ule ule wa 1958 kwaya ilikwenda Ulaya, ikaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na pia katika Maonyesho ya Dunia ya Brussels. Watu walipiga makofi sana. Lakini ndani ya maonyesho hayo hayo palikuwa na kijiji cha Kongo, ambamo mafundi Wakongo waliwekwa nyuma ya ua wakifanya kazi zao ili watu wawatazame. Baadhi ya watazamaji waliwatupia ndizi na sarafu kama kwamba ni wanyama. Mafundi wale walichoka na matusi, wakarudi kwao mwezi wa Julai, kabla ya maonyesho kufungwa. Haikuwa mara ya kwanza: mwaka wa 1897 Wakongo 267 walikuwa wamepelekwa Tervuren kuonyeshwa vivyo hivyo, na 7 kati yao walifia kule.

Basi, nchi moja, mwaka mmoja, makofi huku na ndizi kule. Hili ni fundisho gumu, wala lisifichwe. Mtu aweza kupendezwa na wimbo wa jirani yake na kuendelea kumdharau jirani mwenyewe. Fundi wa mbao au wa shaba alikuwa na ustadi kama mwimbaji. Tofauti ni ule ua. Panapo ua kati ya mtazamaji na mtazamwa, ustadi wenyewe huwa kitu cha kuchekesha.

Tena dharau haina rangi moja. Katika Misa ya Kamina sauti za Waluba na za Bena Lulua zilikaa pamoja bila kugombana. Mwaka uliofuata, 1959, Waluba na Walulua walipigana na kuuana huko Kasai. Mwaka wa 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai kwa maelfu mengi walifukuzwa katika Katanga. Na tangu 2013, upande wa kaskazini, Waluba na Batwa wamechomeana vijiji na kuuana, baada ya Batwa kudharauliwa muda mrefu kama kwamba si watu kamili. Wimbo hauzuii haya peke yake. Wimbo waweza hata kuyachochea: mwimbaji wa Rwanda Simon Bikindi alikuwa maarufu kwa nyimbo zake, na mwaka wa 2008 mahakama ya Arusha ilimhukumu miaka 15 kwa maneno ya kuchochea mauaji aliyoyatangaza kwa kipaza sauti mwaka wa 1994.

Darasani, basi, mwalimu aanze na nyimbo ambazo watoto wanazijua tayari. Je, kuna wimbo au mzaha wa kuwacheka watu wa kabila fulani? Utajwe waziwazi, na mtoto aulizwe angeuimba mbele ya mama wa mwenzake au la. Kisha darasa lijifunze wimbo mmoja wa lugha ambayo wachache wanaijua, na mwenye lugha hiyo awe ndiye mwalimu: mtoto mwenyewe, au bibi yake akikubali kuja. Akiwasahihisha wenziwe matamshi, amsahihishe na mwalimu pia, mbele ya wote. Watoto hawatasahau siku hiyo.

Kwa darasa kubwa kuna mchezo wa kuigiza wa kijiji cha Brussels. Kamba ifungwe katikati ya chumba. Nusu wakae nyuma yake wakisuka mikeka au kuchonga, nusu watembee wakitazama na kusema. Hakuna kutupa kitu chochote. Baada ya dakika kumi wabadilishane. Asiteuliwe kamwe mtoto wa kundi linalodharauliwa kijijini awe wa kwanza nyuma ya kamba. Waanze watoto wa wakubwa.

Maswali ya kuuliza baadaye: Ulipokuwa nyuma ya kamba, ulifanya kazi yako vizuri au vibaya? Ulipokuwa mbele, ulimwuliza mwenzako jina lake? Na kwa wakubwa zaidi: jina la padri hutajwa kila mahali Misa ya Kamina inapotajwa; kwa nini majina ya wavulana 45 hayatajwi?