Mistari kwenye Skrini: Chunguza Kabla ya Kulipa Fundi

Mwenye saiba Kabiria akiwasha kompyuta na kuona mistari au rangi zilizovurugika, atazame kwanza inaanza lini.

Ikiwa picha imeharibika tangu nembo ya mtengenezaji, kabla Windows haijafunguka, kwa kawaida kosa liko kwenye vifaa. Kuweka Windows upya hakutasaidia, na kunaweza kufuta kazi za wateja. Badala yake:

1. Azime kompyuta, achomoe stima, kisha akaze waya wa skrini.
2. Ajaribu waya mwingine, halafu skrini nyingine.
3. Mistari ikibaki, fundi akague memori na kadi ya picha.

Nembo ikiwa safi na mistari ikaja baadaye, huenda programu ya kadi ya picha ndiyo yenye kasoro. Anakili faili kwenye flashi kabla ya matengenezo yoyote.