Mizani ya Afya

JUMANNE

Soma 1 Timotheo 4:7, 8 na 1 Wakorintho 9:24–27. Paulo anayapa mazoezi ya mwili nafasi gani, na anayalinganisha na nini?

Wasomaji wa kwanza wa nyaraka hizi waliishi kati ya watu waliouthamini sana mwili. Tabibu Hippocrates alizaliwa yapata mwaka 460 K.K. huko Kosi, kisiwa ambacho Paulo alikipitia akienda Yerusalemu (Matendo 21:1). Maandishi yanayobeba jina lake hufundisha kwamba chakula peke yake hakitoshi kumtunza mtu. Mazoezi hutumia nguvu, chakula na kinywaji huirudisha. Afya hupatikana viwili hivi vinapolingana. Tabibu alipaswa pia kuangalia umri wa mtu, mahali anapoishi na majira ya mwaka. Neno la Kiyunani *diaita* lilimaanisha utaratibu wote wa maisha: kula, kunywa, kutembea, kuoga na kulala.

Si yote waliyoyafundisha yaliyokuwa sahihi. Baadhi yao waliamini kwamba ugonjwa hutokana na kuvurugika kwa uwiano wa damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Hata hivyo, waliona jambo la maana: mazoea ya kila siku hujenga mwili au huubomoa. Danieli alilijua jambo hilo kabla ya Hippocrates kuzaliwa (Danieli 1:8–16).

Lakini afya ni kwa ajili ya nini? Mwandishi mmoja wa maandishi hayo anakiri kwamba watu wengi hawawezi kuufuata utaratibu wake kamili, kwa kuwa lazima wafanye kazi na kusafiri ili wapate riziki. Aliuandika kwa ajili ya wale wenye nafasi, walioamini kwamba pasipo afya hakuna kitu chenye faida. Plato naye anamtaja Herodicus, mwalimu wa mazoezi aliyekuwa mgonjwa, ambaye alitumia maisha yake yote kujitibu, asipate nafasi ya jambo lingine lolote. Alifika uzeeni, lakini Plato haoni kwamba alipata tuzo ya kujivunia.

Soma 1 Wakorintho 6:19, 20 na 3 Yohana 2. Mafungu haya yanasema nini kuhusu mwenye mwili na kusudi la afya?

Paulo hadharau mazoezi. Anakubali kwamba yana faida yake. Lakini anakataa kuyafanya kuwa lengo la maisha. Kwake mwili ni hekalu, na hekalu halijengwi ili lijitazame lenyewe. Tunakula kwa kiasi, tunatembea, tunapumzika, ili tuwe na nguvu za kumtumikia Mungu na jirani. Kwa hiyo mgonjwa asiyepona hajapoteza thamani yake, wala mkulima anayeinama shambani tangu alfajiri hakusahauliwa. Neema haiwangojei wenye nafasi tu.

Hapa kuna hatari mbili. Mmoja huuharibu mwili kwa uzembe akisema kwamba roho inatosha. Mwingine huuabudu, akapima utakatifu wa ndugu zake kwa kilichomo katika sahani zao. Wote wawili wamesahau kwamba walinunuliwa kwa thamani.

Tafakari: Ni badiliko gani moja katika kula, kufanya kazi au kupumzika ambalo Mungu anakuita ulifanye juma hili? Nguvu utakazozipata utazitumia kwa ajili ya nani?