Kona ya Dada: Pale Alipokuwa Akikaa Baba

Nina barua niliyokaa nayo siku nne. Naisoma, naikunja, naifungua tena.

Imetoka kwa kijana wa Mandewa, hapahapa Singida mjini. Anasema tangu akiwa darasa la tatu baba yake alikuwa akimpeleka uwanja wa Namfua kutazama mpira, na walikuwa na mahali pao, karibu na ukuta, ambapo jua la saa kumi haliwapigi machoni. Baba alifariki miaka mitatu iliyopita. Kijana akaendelea kwenda na kukaa palepale. Sasa timu yetu, Singida Black Stars, ina uwanja mpya Mtipa. Ameenda mara moja tu, akatoka kabla ya mapumziko. Wenzake kijiweni wanamcheka: eti mtu mzima unalilia zege? Anamaliza hivi: "Dada, nina tatizo? Na nikiacha kwenda kabisa nitakuwa nimekosea?"

Huna tatizo, mdogo wangu. Hilo tulimalize kwanza ili usome yanayofuata ukiwa umetulia.

Wanaokucheka hawajakaa wakafikiri Singida ilivyo. Kwenye miji mingi timu ndiyo inayobaki, uwanja ukabadilika. Kwetu imekuwa kinyume. Mwaka 2017 Singida United iliporudi Ligi Kuu ikiwa na kocha Mholanzi Hans van der Pluijm, tulianza msimu kama wageni. Namfua ilikuwa ikikarabatiwa, mechi za nyumbani zikachezwa Jamhuri, Dodoma. Wenye nauli walisafiri, wengine tukabaki na redio. Novemba uwanja ukafunguliwa, Yanga wakaja, hakuna aliyefunga, na bado watu walirudi makwao wakiimba. Nilikuwepo. Sikumbuki shuti hata moja la siku ile. Namkumbuka mzee mmoja aliyekuwa akipapasa ukuta taratibu, kama mtu anayemkagua ng'ombe aliyepotea malishoni akarudi usiku.

Juni 2018 Singida United ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho kule Arusha, Mtibwa Sugar wakatufunga 3-2. Mwaka 2020 ikashuka daraja. Tukabaki na uwanja. Mwaka 2022 timu ya DTB iliyokuwa imepanda daraja ikaletwa kwetu, ikaitwa Singida Big Stars. Mwaka uliofuata ikawa Singida Fountain Gate. Kisha ikaondoka, na leo inaitwa Fountain Gate na kwake ni Babati. Ihefu nayo ikaja kutoka Mbarali, na mwaka 2024 ikawa Singida Black Stars. Hesabu mwenyewe majina uliyoyaimba ndani ya miaka saba. Jezi zilibadilika, wachezaji wakabadilika, na wenye timu nao. Hata jina la uwanja lilibadilika: baba yako ameondoka duniani akiita Namfua, wewe kwenye barua yako mara unaandika Namfua, mara Liti. Kilichobaki mahali pake muda wote huo ni ule ukuta na watu walioketi chini yake. Kwa hiyo Machi 2025 klabu ilipozindua Uwanja wa Airtel kule Mtipa kwa mechi ya kirafiki na Yanga, na mechi zikaanza kuhamia huko, kwako kiliondoka kitu pekee ambacho hakikuwa kimewahi kuondoka.

Wapo watakaokuambia ufurahi, timu inapaa. Ni kweli inapaa. Septemba 2025 ilichukua Kombe la Kagame kwa kuwafunga Al Hilal ya Sudan 2-1. Furahi, kabisa. Mtu anaweza kucheza ngoma ya harusi ya mdogo wake huku moyoni anamlilia mama ambaye hakuiona harusi hiyo, na hakuna anayemwuliza kwa nini ana mambo mawili moyoni.

Nataka pia uwafikirie watu wa Ubaruku kule Mbarali, ilikotoka Ihefu. Tarehe 29 Novemba 2022, kwenye Uwanja wa Highland Estates hukohuko, Ihefu iliifunga Yanga 2-1 na kukomesha mwendo wake wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Watoto wa wakulima wa mpunga waliiona siku ile kwa macho yao. Kisha timu ile ikaondoka, ikaja kwetu. Wao wamebaki na uwanja, timu ndiyo iliyokwenda. Sisi tulipokuwa tukipiga vuvuzela kuipokea Liti, sidhani kama wengi wetu tulijiuliza nani anaiaga. Sikulaumu wewe, wala sijilaumu mimi. Ninasema tu kwamba hili linalokuuma sasa liliwauma wengine kabla yetu, na safari yako ni ya bajaji tu. Timu bado iko Singida.

Na si hapa tu. Kaskazini mwa Uingereza kuna raga ya wachezaji 13 kila upande, na klabu ya Wigan ilikaa kwenye uwanja wake wa Central Park kuanzia 1902 hadi Septemba 1999. Palipokuwa na uwanja pakajengwa duka kubwa la Tesco. Fikiria unakwenda kununua mkate na unajua kwamba hapo kwenye foleni ya kulipia ndipo babu yako aliposimama akishangilia. Hao wenzako kijiweni, kama kuna wa Arsenal, waulize kuhusu Highbury. Thierry Henry alifunga mabao matatu kwenye mechi ya mwisho, Mei 2006, dhidi ya timu ya soka ya Wigan, akainama akabusu nyasi mbele ya dunia nzima. Hakuna aliyemwambia analilia zege. Leo Highbury ni nyumba za watu.

Sasa nikuambie ninachokiona kwenye barua yako, ambacho hukukiandika. Makaburini unakwenda kumwombea baba. Uwanjani ulikuwa unakwenda kukaa naye. Pale ukutani hukuhitaji kumweleza mtu yeyote kwamba umemkumbuka. Unakaa, unamenya karanga, mwamuzi akikosea unasikia sauti yake kichwani ikilalamika. Mtipa umefika, ukatafuta ile sauti, hukuisikia, ukatoka. Ningekuwa wewe nami ningetoka.

Bibi yangu alihama kutoka tembe kwenda nyumba ya bati aliyojengewa na wanawe. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka ugomvi wa siku hiyo. Mkokoteni ulikuwa umejaa, yeye akasema mafiga yake matatu hayabaki. Wajomba wakamwambia mawe yako kila mahali Singida, mama, tazama milima yote ile. Akakaa chini. Ikabidi wapakue debe la alizeti, wapakie mafiga. Nyumba mpya hakuipenda hata siku moja, alisema bati linapiga kelele mvua ikinyesha. Lakini ugali aliupika juu ya mawe yaleyale mpaka alipotuacha, na sisi wajukuu tulijua pa kumkuta.

Mafiga yako ni yapi? Ukuta huwezi kuubeba. Lakini kwenye barua umemtaja yule mzee aliyekuwa akimwazima baba yako redio, na mama wa karanga aliyekuwa akikuongezea kiganja kimoja kwa sababu ulikuwa mtoto, na fundi baiskeli wa Majengo aliyebishana na baba kila mechi. Hao ndio. Nao nina hakika wako Mtipa wamepotea kama wewe, kila mmoja amekaa peke yake upande asioujua, maana uwanja mpya hauna mazoea bado. Watafute. Usiwatumie ujumbe wa kikundi, nenda mwenyewe kwa fundi, kaa kwenye benchi lake, mwambie unataka mkae pamoja tena. Mtakapokaa, yeye ndiye atakayeanza kusema, "Baba yako angekuwepo hapa..." Ile sauti uliyoitafuta ilikuwa imehifadhiwa kwao muda wote.

Kabla ya hapo, nenda Liti siku isiyo na mechi, au siku ya bonanza la mtaa. Haijabomolewa, bado ipo. Kaa pale penu, useme unalotaka kusema, kwa sauti kama hakuna mtu. Hukupata nafasi ya kuaga, na mtu asiyeaga hukaa na kitu kooni.

Kuhusu kuacha kabisa: ukiacha, hujamkosea mtu. Tiketi si kiapo. Ila usiamue kwa mechi moja uliyotoka kabla ya mapumziko. Jipe mechi tano ukiwa na watu wako. Baada ya hapo ukiona bado moyo unakataa, sikiliza redio nyumbani, au nenda katazame vijana wakicheza Liti, na asikuambie mtu kwamba wewe si shabiki.

Niliahidi kumjibu pia mama wa Misuna anayeuza karanga na mayai ya kuchemsha kwenye lango la Liti, ambaye wateja wake wamehama na mechi. Mama, wewe hulilii kumbukumbu tu, unalilia ada ya shule. Usisubiri kuitwa. Jikusanyeni wauzaji wote mliokuwa langoni, mwende mkaonane na wasimamizi wa uwanja mpya mkiwa kikundi, muombe mpangiwe eneo kabla wageni hawajalijaza. Na mkishakuwa kikundi kilichosajiliwa, pitieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu mkaulizie mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Asilimia 4 yake ni ya wanawake. Klabu nayo nasema wazi: waliowalisha mashabiki wenu kwa miaka yote hiyo wanastahili kufikiriwa kwanza.

Na wenye uamuzi juu ya Liti, kama mnasoma hapa. Everton walipohama Goodison Park mwaka 2025, baada ya kukaa hapo tangu 1892, uwanja haukuvunjwa; ukawa nyumba ya timu yao ya wanawake. Tuna wasichana wanaocheza mpira peku kwenye viwanja vya vumbi vya Singida, tuna mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, kila mwaka. Wafungulieni lango lile. Nitakuja mwenyewe kukaa ukutani.

Mdogo wangu wa Mandewa, ukishampata fundi na wenzake, niandikie mmechagua upande gani kule Mtipa. Mimi nitakuja na karanga, na nisingependa kuzunguka uwanja mzima nikiwatafuta.