Arbuni ya Mashua na Safari Isiyokwenda

Tuseme wanafunzi thelathini wa Kidato cha Tatu wamekusudia kwenda kisiwa cha Mbudya, mkabala wa Kunduchi. Wamepatana na mwenye mashua kwa Sh. 300,000, nao wametanguliza Sh. 100,000, yaani arbuni. Siku ikafika, kusi limevuma usiku kucha, na nahodha akatazama bahari akasema, "Leo hatwendi." Je, arbuni ni ya nani?

Swali hili nililitia darasani katika somo la Biashara, na mabishano yakaendelea hata kengele ikalia. Wengi walisema irudishwe yote. Wachache walisema nahodha amekwisha nunua petroli. Mmoja akawajibu kwamba petroli isiyochomwa ingali yake, naye alisema kweli.

Jambo hili si geni. Mwaka 1902 Waingereza walijitayarisha kumtawaza Mfalme Edward VII. Bwana Henry alikodi vyumba vya Bwana Krell huko Pall Mall, London, kwa pauni 75, ili aone maandamano. Akatanguliza pauni 25. Bwana Hutton alikodi meli ya kampuni ya Herne Bay kwa pauni 250, akatanguliza 50, apeleke abiria Spithead kutazama mfalme akikagua manowari, na kuzizunguka. Mfalme akaugua, sherehe zikaahirishwa. Mwaka 1903 Mahakama ya Rufani ikaamua kuwa Henry hadaiwi pauni 50 zilizosalia, maana maandamano ndiyo yaliyokuwa shina la mapatano. Hutton hakupata bahati hiyo. Manowari zilikuwapo palepale, na meli ingaliweza kuzizunguka. Basi akaamriwa alipe salio, ila ikatolewa faida ambayo kampuni iliipata kwa kuitumia meli siku zile.

Kwetu Tanzania Bara ipo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyoanza mwaka 1961 na kufuata sana ile ya India ya mwaka 1872. Kifungu cha 56 chasema kuwa mapatano ya jambo ambalo baadaye limekuwa haliwezekani hubatilika. Na kifungu cha 65 chamtaka aliyepokea faida airudishe au afidie. Kwa hiyo bahari ikizuia kabisa, arbuni yafaa irudi. Lakini angalieni: kusi huja kila mwaka, na hakimu aweza kuuliza kwa nini watu wa pwani walipatana safari ya mwezi wa Julai bila kulitaja.

Wanafunzi wakighairi wenyewe, habari ni nyingine. Wakimwarifu nahodha wiki mbili kabla, aweza kupata abiria wengine. Wakimwarifu alfajiri ileile, siku yake imepotea, wala sioni dhuluma akizuia sehemu ya fedha.

Kuna neno moja ambalo wazazi walitie moyoni kuliko yote. Mapatano yakisema kwamba nahodha akikataa kwenda hukosa kila kitu, tumempa sababu ya kung'oa nanga siku mbaya. Yakisema kwamba abiria wakikataa hupoteza kila kitu, mwalimu naye atawapandisha watoto mashuani huku moyo wake ukisita, asije akaulizwa habari za fedha. Heri neno la nahodha juu ya bahari liwe la mwisho, na asitozwe kitu kwa kulisema.

Basi kabla ya kutoa hata senti, andikeni kwenye stakabadhi: nani ataamua kuwa bahari imechafuka, je, onyo la Mamlaka ya Hali ya Hewa latosha, fedha zitarudi kwa siku ngapi, au safari itasogezwa hadi lini, na mashua ikirudi kutoka nusu ya njia, nauli itakatwaje. Hili la mwisho darasa halikulimaliza. Wavulana walisema nusu. Wasichana wakasema kisiwa hakikuonwa, basi hakuna nauli. Tutaliendeleza muhula ujao.