Dondoo muhimu: Mlo wa paleo katika jiko la pwani

Mlo wa paleo, aliouandikia kitabu Loren Cordain wa Marekani mwaka 2002, unaacha nafaka, jamii ya kunde, maziwa na sukari. Ugali, wali na maharage havimo. Vilivyobaki pwani ni vingi na vitamu.

Ninachokipenda kuliko vyote ni samaki wa kupaka. Chukua changu mzima, mchanje ubavuni, mpake ndimu, chumvi, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, akae nusu saa. Mchome kwa moto wa makaa usio mkali. Wakati huo chemsha tui zito la nazi moja na bizari ya manjano na pilipili, ukikoroga lisikatike, mpaka libaki zito la kushika samaki. Mpake, mgeuze, mpake tena. Kuna nazi mwenyewe ukiweza. Tui la kopo mara nyingi huongezewa vitu vingine.

Pembeni weka viazi vitamu au ndizi mbichi za kuchemsha. Muhogo pia unafaa, lakini uwe mtamu, umenywe na uive vizuri: ule mchungu una sumu.

Mchicha upike kwa nazi, si kwa karanga, kwani karanga ni jamii ya kunde. Korosho ruksa.

Maziwa yakiondoka, kalsiamu itafute kwa dagaa, wanaoliwa na mifupa yao.

Anayetumia dawa za kisukari amwone daktari kwanza, maana kupunguza wanga ghafla kunaweza kuishusha sukari mno.